Nyumba ya Mwenyekiti katika Nyasi za Soka

Imeazimiwa, na iwe wazi kwa wote wanaohusika, kwamba kuanzia kiangazi hiki uwindaji katika eneo la Lobule utafanywa kwa utaratibu wa kisasa. Uwindaji wa kienyeji wa kutumia moto, nyavu na mbwa umekoma. Badala yake patajengwa nyumba ya wawindaji, ndogo lakini ya hadhi, inayojitegemea kwa umeme na maji, ambamo wageni watakaa kwa utulivu na kuwatazama wanyamapori, ambao wapo kwa wingi.

Hivyo ndivyo ilivyosema Kamati ya Uwindaji wa Kistaarabu, Koboko, katika azimio lake la kwanza, lililopigwa chapa, likatiwa mihuri miwili, likabandikwa kwenye mlango wa duka la vipuri vya bodaboda, kwa kuwa kamati yenyewe ilikuwa bado haina mlango. Wanyamapori hawakupelekewa nakala. Watu wa Lobule nao hawakupelekewa.

Aliyepelekewa ni Siraji, seremala, maana nyumba ya hadhi haijijengi.

Siraji alikuwa na miaka hamsini na minne na karakana ya mabati nyuma ya soko la Koboko. Ukoo wao ulikuwa wa Wanubi, watu wa jeshi. Babu yake alikuwa sajini, baba yake koplo, naye ni raia. Familia ilikuwa ikishuka cheo kwa mpango mzuri, bila haraka. Mkono wake ulikuwa mzuri. Ubao alioupiga randa yeye ungeweza kuulaza shavuni. Lakini kwa miaka kumi na minne hakuna mtu mjini aliyempa kazi ya kitu cha kusimama.

Sababu ilikuwa jukwaa. Mwaka huo wa mkosi aliitwa Arua kujenga jukwaa la harusi, akalijenga kwa mbao alizoletewa, ambazo zilikuwa mbichi, na akasema ni mbichi, na akaambiwa harusi haingoji mbao kukauka. Siku yenyewe, shangazi saba wa bibi harusi walipanda kucheza. Jukwaa halikuvunjika. Lilishuka taratibu, kwa heshima, shangazi wote saba wakiwa juu yake, mpaka likafika chini. Hakuna aliyeumia, na hilo ndilo lililomharibia Siraji. Angeumia mtu, watu wangenyamaza kwa huruma. Kwa kuwa hakuumia mtu walicheka, na hawajamaliza kucheka.

Tangu siku hiyo alipewa kazi za vitu vya kulala tu: vitanda na majeneza. Watu walisema mteja akishalala, hakuna pengine pa kuanguka. Walimwita Fundi Jeneza, tena mbele ya uso wake, kwa upendo kabisa, jinsi mji mdogo unavyopenda.

Naye alitaka kitu kimoja. Mimbari ya msikiti wa mtaa wao ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka ikabaki rangi tu, na imamu alikuwa akitoa hotuba ya Ijumaa amesimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Mimbari mpya ilikuwa lazima itengenezwe. Siraji aliitaka kazi hiyo kama mtu mwingine anavyotaka kwenda Maka. Ngazi tatu, mbao za mvule, na juu yake mtu amesimama, kila Ijumaa, mtaa mzima ukitazama, na mtu huyo haanguki.

Anayegawa kazi za msikiti alikuwa Akram. Akram aligawa karibu kila kitu, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa kamati saba, na ya uwindaji ilikuwa ya nane. Zamani alikuwa wakala wa kutoa mizigo kwenye mpaka wa Oraba, na huko alijifunza kwamba karatasi yenye muhuri husogeza lori la tani thelathini. Kutoka hapo hadi kuamini kwamba karatasi hiyohiyo inaweza kusogeza nyati palikuwa na hatua moja, naye aliipiga bila kuangalia chini.

Alikuja karakana mwezi wa kumi na moja, akasimama kati ya majeneza mawili, akatoa simu.

“Fundi, tazama. Nyumba ya wawindaji ya kweli iko hii.”

Siraji aliitazama. Ilikuwa nyumba ya mbao, ndogo, paa limesimama wima kama mikono ya mtu anayeomba dua, ina dohani ya mawe, baraza mbele, kuni zimepangwa pembeni, na kila kitu, paa, kuni, miti, ardhi, kimefunikwa na kitu cheupe.

“Hii nyeupe iko nini, mwenyekiti?”

“Hiyo iko mandhari.”

“Kwetu Lobule mandhari iko nyasi.”

“Basi nyasi. Lakini ndefu! Usikate hata moja. Mgeni anataka kukaa anaona amezungukwa.”

“Na dohani? Kule joto inaua mtu.”

“Fundi, wewe umelala hoteli gani? Nyumba ya kuwinda haina moto wa ukutani, hiyo iko stoo.” Akram alirudisha simu mfukoni kama anayefunga mjadala. “Wageni wanakuja mwezi wa pili. Watano wa Kampala, mmoja wa ng'ambo. Nyumba ikisimama mpaka wao wafike, mimbari iko yako.”

“Wallahi?”

“Nimesema na mdomo huu. Unataka muhuri?”

Siraji kwa kweli aliutaka, lakini haya ilimzuia.

Sitti, mkewe, alisikia habari hiyo akichambua mchele, na mikono yake haikusimama.

“Baba Shamirah, unamjengea mtu dohani? Koboko hii? Kiangazi?”

“Wageni ndiyo wanataka.”

“Wanataka kuwinda ama wanataka kuiva?”

Kazi ilianza. Kwa muda wa wiki tisa Siraji alikwenda Lobule kila Jumatatu na kurudi kila Alhamisi jioni, ili asikose Ijumaa na kreti ya soda. Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko, mwendo wa nusu saa kutoka njia ya baiskeli, katikati ya nyasi zilizompita mtu kichwani. Alisimamisha nguzo kumi na mbili za mkalitusi, miguu yake imepakwa oili chafu ya gari dhidi ya mchwa, na kila nguzo aliipima kwa timazi mara tatu, kwa sababu kila aliposimamisha kitu aliona shangazi. Alipigilia kuta za mbao, ubao juu ya ubao, asibakize nafasi ya kupita wembe. Mbao safari hii alizichagua mwenyewe, na zilikuwa kavu.

Paa lilikuwa na historia yake. Akram alitaka nyasi, kwa kuwa mgeni hupenda nyasi. Kamati ilitaka mabati, kwa kuwa mjumbe mmoja alikuwa anauza mabati. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba nyumba ivae vyote viwili: mabati chini, nyasi juu, kama mzee aliyevaa kofia juu ya kofia.

Kisha vikaja vifaa vya kujitegemea. Tangi la kuvuna maji ya mvua, lita elfu moja, lilifika mwezi wa kumi na mbili, mvua ya mwisho ikiwa imeshaondoka na ya kwanza ikiwa mbali kama pensheni. Paneli ya jua Siraji alitaka kuiweka juu ya paa. Akram akaagiza iwekwe ukutani, barazani, chini ya kivuli cha paa, mahali mgeni ataiona vizuri. Jua halikuiona kabisa. Betri yake, ikiwa imechajiwa mjini, ilibebwa mpaka Lobule juu ya bodaboda kama mgonjwa. Pembe za kutundika juu ya dohani zilinunuliwa kwa wachinjaji wa Koboko, na zilikuwa za ng'ombe. Siraji alizisugua kwa mafuta mpaka zikang'aa. Alikuwa mtu wa kazi. Hata upuuzi, akipewa autengeneze, aliutengeneza vizuri.

Maji ya tangi yaliletwa na Agnes Keji, mkulima wa jirani, mjane, aliyefunga madumu matatu kwenye baiskeli na kuisukuma kutoka kisimani. Yeye ndiye aliyempikia Siraji ugali wa muhogo na mchicha mchana. Siku ya kwanza alipomwagia maji kwenye tangi alilizunguka akalitazama.

“Fundi, hii ndiyo ya kujitegemea?”

“Ndiyo, mama.”

“Inajitegemea kwa mimi.”

Wiki ya tatu akaja Soka. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye gambuti na baiskeli iliyolemewa na gunia la muhogo, na hakushuka kwenye baiskeli, aliegemea tu mguu mmoja chini, kama mtu ambaye hajaamua kama jambo hili linastahili kushukiwa.

“Wewe Nubi wa mjini, nani amekuweka kwa nyasi yangu?”

“Kamati.”

“Kamati ya nani?”

“Ya uwindaji wa kistaarabu.”

Soka alilitafuna neno hilo muda mrefu. “Wanawinda nini?”

“Wanyama. Wanasema wako wengi. Nyati, swala…”

“Swala? Yule wa sarafu ya shilingi hamsini? Huyo namjua, nilikuwa naye mfukoni.” Soka alicheka mpaka gunia likatikisika. “Fundi, huku iko sungura. Iko ndezi, yule panya mkubwa wa nyasi, mafuta yake usiseme. Ngiri alipita mwaka mmoja, alikuwa amepotea. Sasa sikiliza. Mwisho wa mwezi wa kwanza, ama mwanzo wa mwezi wa pili, siku upepo unatoka upande wa Kaya, kule ng'ambo ya mpaka, sisi tunachoma. Moto naanza mimi. Baba yangu alianza, babu yangu alianza, hapana mutu mwingine. Watu wanakuja na nyavu, na mbwa, kutoka kila upande. Moto ikitoka hapa chini, haisimami mpaka mto.”

“Azimio linasema moto umekoma.”

“Azimio limeambia nyasi?”

Siraji akashika nyundo ili aonekane ana kazi.

“Dawa yake iko,” Soka alisema, safari hii bila kucheka. “Mgeni akijenga kwa nyasi ya mtu, anakuja kusalimia mwenye nyasi. Na mguu yake mwenyewe. Kuku mmoja, chumvi kidogo, tunakaa, tunakula. Basi siku ya moto watu wangu wanazunguka nyumba yake, wanaisafishia. Hakusalimia, sisi hatuna habari ya nyumba. Tunaona nyasi tu.”

Siraji aliufikisha ujumbe neno kwa neno. Akram aliupokea akiwa ndani ya gari, kioo kimeshuka nusu.

“Mimi? Mwenyekiti? Nibebe kuku niende kuomba ruhusa ya sungura?”

“Iko salamu tu, mwenyekiti.”

“Mwambie asome azimio.”

“Liko kwa mlango wa duka, Koboko. Yeye yuko Lobule.”

“Basi aje Koboko,” alisema Akram, na kioo kikapanda.

Nyumba ilikwisha. Ilikuwa nzuri, na hilo halina kejeli. Milango ilifunga kwa kidole. Sakafu haikulia hata ukiruka juu yake, na Siraji aliruka, peke yake, mchana, mara nyingi kuliko alivyowahi kukiri. Alipaka mafuta vitanda sita vya ukutani, akatundika taa mbili, akapanga kuni pembeni ya dohani kama kwenye picha. Kisha akatoka nje, akatazama. Nyasi zilikuwa zimesogea mpaka kwenye ngazi ya baraza, kavu, za manjano, zikikwaruza ukuta kila upepo ulipovuma, kama mtu anayebisha hodi.

Ukaguzi wa mwisho ulifanywa na Akram amevaa viatu vya kung'aa. Alifurahi. Alikaa barazani, akanyoosha miguu, akatazama nyasi pande zote kama mtu aliyezifuma.

“Mwenyekiti, niruhusu nifyeke kidogo,” Siraji alisema. “Hatua ishirini tu. Pande zote.”

“Utaniharibia picha.”

“Moto ukija?”

“Moto umepigwa marufuku.”

Alisema kwa amani sana, kama mtu anayetaja siku ya juma. Kisha akainuka, akapangusa suruali.

“Fundi, nisikie. Ukigusa nyasi hii, sahau mimbari.”

Wageni walikuwa wafike Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili. Alhamisi, Siraji akiwa anakusanya vifaa vyake, Agnes Keji alikuja na madumu ya mwisho. Alikuwa amesikia sokoni. Upepo umegeuka. Soka amepeleka habari kwa wenye nyavu wa kila upande. Ni Jumamosi, jua likiwa juu ya kichwa.

Ijumaa, baada ya sala, Siraji alimngoja Akram mlangoni, wakati watu wakitafuta viatu vyao. Alimweleza. Akram alivaa kiatu cha kulia, akavaa cha kushoto.

“Wanatisha tu. Wanataka kuku.”

“Basi wape kuku!”

Watu wawili waligeuka. Akram akatabasamu, maana alikuwa mwenyekiti hadharani.

“Fundi Jeneza,” alisema kwa upole, “mimi nimesimamisha malori Oraba. Nitashindwa na kiberiti?”

Nyumbani Siraji hakula. Sitti alimwondolea sahani, kisha akarudi, akaketi.

“Ukiacha nyasi, mimbari unapata?”

“Nyumba ikisimama.”

“Itasimama?”

“Ina nyasi kichwani, Sitti. Itawaka kama kiberiti kizima.”

“Ukichoma wewe mapema?”

“Nyumba inabaki. Mimbari inakwenda.”

Sitti aliweka mkono shavuni. Hakuwa mwanamke wa kubembeleza.

“Wageni sita wakiungua ndani ya nyumba yako, Baba Shamirah, majeneza sita watakupa wewe utengeneze. Wewe ndiye unajua kazi hiyo. Angalau utakuwa umepata oda.”

Jumamosi, kulipopambazuka, alikuwa Lobule, na umande ulikuwa bado juu ya nyasi. Agnes Keji alimkuta ameinama na kiberiti upande wa upepo, akamnyang'anya.

“Unataka kujichoma wewe ama nyumba? Nyinyi wa mjini mnajua moto wa sigara tu.”

Kila mwaka, kabla ya moto mkubwa, kila mwenye nyumba Lobule huchoma duara lake mwenyewe kuzunguka boma na ghala, na Agnes alikuwa amechoma lake mwaka baada ya mwaka tangu mumewe afariki. Alivunja matawi mabichi, akampa Siraji mawili. Walifyeka ukanda mwembamba kwanza, karibu na ukuta, na kuumwagia maji ya tangi, ambayo kwa mara ya kwanza yalipata kazi. Kisha Agnes akawasha kipande kidogo, wakakiacha kiungue, wakakipiga kikazima. Kipande kingine. Moto wa umande ni mvivu, hunung'unika na kufuka, na mtu mwenye subira anaweza kuuongoza kama mbuzi. Siraji alipiga kwa matawi mpaka nyusi zake zikaungua. Upande wa mashariki ulipokwisha alijua ngazi ya kwanza ya mimbari imekwenda. Upande wa bondeni, ya pili. Walipofunga duara nyuma ya choo, hatua ishirini na tano za majivu pande zote, hakukuwa na kitu cha kupanda tena, na alikaa chini akanywa maji kwenye dumu.

“Unalia?” Agnes aliuliza.

“Moshi.”

“Moshi iko upande ule.”

Magari mawili yalipasua nyasi kutoka njia ya baiskeli, yakafika kwenye majivu saa nne na nusu. Wageni walishuka, sita kamili, wamevaa kofia za nguo nene na suruali zenye mifuko magotini. Mbele yao ilisimama nyumba nzuri ya mbao katikati ya duara jeusi linalofuka. Akram alishuka wa mwisho. Alitazama kwa muda, kisha akamvuta Siraji nyuma ya tangi.

“Nani amechoma mandhari yangu?”

“Mimi.”

“Umeila mimbari, fundi. Umeitafuna.”

“Najua, mwenyekiti.”

Hilo lilimkasirisha zaidi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa kilio. Akarudi barazani, akawaketisha wageni kwenye viti, akawaomba watulie na kuwatazama wanyamapori. Wakatazama. Saa nzima ilipita. Mgeni mmoja wa Kampala aliona kunguru, akaambiwa si huyo. Chai ikahitajika, na kwa ajili ya heshima ikachemshwa kwenye moto wa ukutani. Dohani, iliyonakiliwa kutoka kwenye picha ya nchi ya baridi na mtu ambaye hakuwahi kuona nyingine, ikarudisha moshi wote ndani. Wageni wakatoka nje wakikohoa, wakasimama kwenye majivu na viatu vyao vipya. Yule wa ng'ambo alikuwa wa kwanza kusikia filimbi.

Zilikuwa nyingi, mbali, chini ya mteremko, na kengele za mbwa kati yake. Kisha mstari wa moshi ukasimama kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine, na chini ya moshi mstari mwekundu, na sauti yake ilikuwa ya mvua kubwa inayokuja, mwezi wa pili. Akram alifungua mdomo. Pengine alitaka kusoma azimio.

Moto ulipanda mteremko kwa kasi ya mtu anayekimbia. Ulifika kwenye duara. Hapo ulikosa chakula, ukapanda juu kwa hasira urefu wa nyumba, ukatema cheche, na Siraji alikuwa juu ya paa na matawi mabichi na ndoo, akipiga kila cheche iliyotua kwenye nyasi za kofia ile ya pili. Kisha moto ukagawanyika, mkono mmoja kulia, mkono mmoja kushoto, ukaizunguka nyumba kama maji yanavyozunguka jiwe, ukaungana upande wa pili, ukaendelea na safari yake ya mtoni. Nyumba haikupasuka hata kioo.

Nyuma ya moto wakaja watu, labda mia moja, na nyavu mabegani na mikuki, wakicheka, wakiitana. Ndezi walikatiza juu ya majivu mbele kabisa ya baraza, wanono, wakiteleza, na mbwa nyuma yao. Wageni walipiga picha mpaka simu zikapata joto. Yule wa ng'ambo alikuwa na machozi ya moshi na uso wa mtoto siku ya Idi.

“Mwenyekiti,” aliuliza, “hii iko kwenye ratiba?”

Akram alitazama moto unaoondoka. Alimtazama mgeni. Alitazama simu ya mgeni.

“Tuliipanga,” alisema.

Soka alipita barazani amebeba sungura wawili, akasimama chini ya paa, akamwangalia Siraji aliyekuwa bado juu, mweusi kama sufuria.

“Nubi! Nyumba yako imekataa moto. Umezunguka vizuri, kama mwanamke.”

“Kama nani?” Agnes Keji aliuliza kutoka nyuma ya tangi.

“Kama wewe, dada. Nimesema vibaya?”

Kwa wiki mbili Siraji alingoja. Nyumba ilisimama mpaka wageni walipofika. Hilo ndilo lililokuwa sharti, na wageni walikuwa wameondoka wakiahidi kurudi. Picha za moto zilizunguka kwenye simu za Koboko na Arua, na katika kila moja nyumba ilikuwa katikati, wima. Hatimaye alimfuata Akram.

“Mimi nilisema isimame kwa nyasi,” Akram alimjibu. “Wewe umeisimamisha kwa majivu.”

Mimbari ililetwa kutoka Arua, tayari, imefungwa kwenye nailoni. Imetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, juu imebandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Inang'aa sana. Mvua za mwezi wa nne ziliingia kidogo dirishani, na tangu hapo ngazi ya pili ina sauti. Kila Ijumaa Siraji huketi safu ya mbele, akisikiliza ngazi hiyo kwa umakini ambao hotuba haijawahi kuupata kutoka kwake. Mjini bado ni Fundi Jeneza. Lakini Lobule humwita fundi wa nyumba iliyokataa moto, na mwaka huo walikuja watu kumi na mmoja kwa baiskeli, Agnes Keji wa kwanza, kila mmoja akitaka mlango. Milango husimama. Aliitengeneza kwa mvule, na hakuna aliyecheka.

Kiangazi kilichofuata, mwezi wa kwanza, Soka alipokea barua, ya kwanza maishani mwake kutoka kwa kamati yoyote. Ilikuwa imepigwa chapa na kutiwa mihuri miwili. Ililetwa na Akram mwenyewe, kwa miguu kutoka njia ya baiskeli, na katika mkono wake wa pili alikuwa na kuku. Kamati ilikuwa inaomba, kwa heshima, kujulishwa tarehe ya moto.